Tabo ya Kukulia

11 Januari

Kitinda wangu,

Salamu kwanza, maana najua ukiona mwandiko wangu unaanza kutafuta shida iko mstari wa ngapi. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika mchana yanamsamehe. Wifi yako mzima, ananuna kwa afya njema. Mimi kitambi kinaendelea vizuri kuliko biashara. Juzi nilijipima kiuno nikadhani nasoma tepu upande wa sentimita, kumbe ni inchi. Duka lipo. Watu wanaoa, wanahitimu, wanazika, na wote wanataka suti jana.

Tulikubaliana simu tuiache kwa dharura, kwa sababu mimi na wewe tukishika simu hatumalizi salamu bila mmoja kumkatia mwenzake. Barua haikatiki. Unaweza kuikunja tu, na mimi huku sitajua.

Sasa shida, iko mstari huu. Tabo ya gari lako, ile ya kuipa injini pumzi, imekufa.

Usikunje. Ilianza kwa kulia kama cherehani iliyokosa mafuta. Kisha ikanyamaza. Kisha ukatoka moshi wa buluu huko nyuma, mwingi, wa kutosha mtaa mzima na akiba ikabaki. Suti ya bwana harusi mmoja iliyokuwa imetundikwa dukani ilishika harufu, nikaipiga pasi, nikaianika juani, nikaipulizia manukato ya wifi yako. Kijana wa watu kaoa ananuka ekzosi iliyojipamba.

Bwana Kama-Mpya, yule muuza vipuri wa mtaa wa pili ambaye kila kitu chake ni kama mpya, hata betri iliyopasuka, alinisaidia kuifungua. Anasema hii haina dawa, tutafute nyingine. Nikaipima feni yake mwenyewe kwa tepu yangu, nikampa saizi, naye amenipatia moja ya milimita themanini na sita. Inang'aa. Ukiibeba inabidi uikumbatie kifuani kama mtoto. Mimi naona itafaa sana, gari kama lako linataka kitu cha heshima. Lakini mwenye gari ni wewe, na fundi wa tabo katika ukoo huu ni wewe, kwa hiyo nasubiri neno lako tu nimwambie afunge.

Yule mnunuzi niliyekuandikia habari zake bado anafikiri. Ni mtu wa kufikiri sana.

Mama anasema nikuulize lini. Hakusema lini nini. Nimeandika kama alivyosema.

Kaka yako,
mwenye duka na kitambi


2 Februari

Kaka,

Barua nimeipata na sikuikunja. Mimi sijambo. Chumba changu bado kiko juu ya dobi, kwa hiyo nguo zangu zinanukia sabuni hata nisipozifua. Kazini ni zile zile tabo za malori: zinaletwa zimekufa, naosha, nabadilisha mhimili, nasawazisha, zinaondoka. Siku nzima nazipa injini za watu pumzi, jioni ngazi za kwangu zinanimaliza pumzi ghorofa ya pili. Baiskeli yangu inachomoka mnyororo kila kona. Huyo ndiye mtaalamu wa magari ya kasi unayemtangaza kwa wateja wako.

Sasa mtoe huyo mtoto kifuani. Feni ya milimita themanini na sita ni ya lori la kokoto. Ya gari langu ni hamsini na moja, naikumbuka kama namba ya kiatu changu. Nilikaa nikijiuliza hizo nyingine umezitoa wapi, mpaka nikaweka vidole vyangu kwenye rula. Kaka, umeongeza vidole viwili.

Nilicheka peke yangu hadi dobi akagonga dari yake kwa mti wa ufagio. Wewe ni Baba mtupu. Sweta langu la shule lililonifika magotini, "atakulia humo". Viatu vilivyojazwa karatasi mbele, "atakulia humo". Nilimaliza shule sijakulia humo. Wewe ukarithi mkasi, tepu na vidole viwili vya nyongeza. Kwa suti ni sawa, mtu hunenepa. Injini hainenepi, Kaka. Haitakua ikaifikia hiyo tabo.

Nikueleze taratibu, ukiwa umeweka sindano chini. Tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, ya kwanza inazungusha ya pili, ya pili inaisukumia injini hewa. Feni kubwa ni nzito. Unakanyaga mafuta, inafikiri. Unaendelea kukanyaga, inafikiri. Halafu inakuja yote kwa mpigo, na wewe umeshafika kwenye taa nyekundu. Ndogo inaitika ukigusa tu, ila ukitaka mbio nyingi inaishiwa. Kubwa ni ya barabara ndefu isiyo na watu. Ndogo ni ya mjini, ya simama-nenda.

Halafu injini yangu si kama za wengine. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ina rota, dude la pembe tatu linalozunguka ndani, na linatema moshi mwingi wa moto. Upande wa moshi ukiubana, inajichoma yenyewe. Upande wa hewa ukiupanua bila akili, zile sili za kwenye pembe, za kuzibia hewa, zinavunjika, na hapo huna gari tena, una kabati lenye magurudumu.

Kwa hiyo nijibu. Tabo ya zamani ilianza kusukuma kwenye mizunguko mingapi ya injini? Gari huwa linakwenda wapi na wapi? Dashibodi inasoma kilomita ngapi? Na huyo mnunuzi wako anataka gari la kukimbizia au la kutembelea?

Msalimu Mama. Dawa ya magoti aipake, si kuiweka kabatini iwe kumbukumbu. Swali lake nimelisoma.

Mdogo wako,
wa sweta


20 Februari

Kitinda wa sweta,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wanaokuona una maana kuliko mimi. Barua yako nilifanya kosa la kuisomea mezani. Wifi yako alicheka mpaka akasahau alichokuwa amenunia. Tangu siku hiyo ananiita Vidole Viwili mbele ya wateja, na jana mteja mmoja mwenye heshima zake aliniuliza kama hilo ni jina la ukoo.

Ile tabo kubwa nimemrudishia Kama-Mpya. Kaipokea kwa huzuni, akasema ilikuwa kama mpya.

Maswali yako sasa. Mizunguko: mimi ni dereva mstaarabu, sina tabia ya kutazamatazama mishale wakati barabara iko mbele yangu. Naweza kukuhakikishia kwamba ilikuwa inaanza kusukuma pale inapoanza, si kabla ya hapo. Gari huwa linakwenda huku na huku. Kilomita nimezisoma kwa tochi ili nisikosee, ni 84,216, ujue lilivyotunzwa. Mnunuzi anataka la kutembelea. Au la kukimbizia. Nitamuuliza.

Mama anapaka dawa. Sasa anaweza kutoka chumbani kwake, kupita chumba cha kukatia, mpaka huko nyuma ya duka, bila kushika ukuta. Anapenda kukaa huko nyuma siku hizi. Neno "tabo" halimkai mdomoni, kwake ni "tabu". Kila asubuhi ananiuliza, "Tabu ya gari imepona?" Nikimwambia bado, anasema, "Basi mwandikie mwenyewe, tabu yake anaijua."

Ameuliza tena lini.

Kaka yako,
dereva mstaarabu


15 Machi

Kaka,

Hapa ni wazima. Dobi ameongeza mashine, sasa kitanda changu kinatetemeka kuanzia asubuhi, nalala kama niko safarini. Nashukuru kwa habari za magoti.

Nisikilize. Siku ile naondoka nililizima gari mwenyewe. Dashibodi ilisoma 84,215. Naikumbuka kwa sababu nilipokuwa nakukabidhi ufunguo niliikazia macho hiyo namba ili nisikutazame wewe usoni. Leo miaka minne, gari limekwenda kilomita moja. Kabati la Mama limesafiri zaidi, tulipopaka rangi.

Nikarudi kwenye barua yako ya Januari. Suti ya bwana harusi imetundikwa dukani, tabo imekufa, suti imenuka moshi. Ulikuwa unaendesha gari dukani? Kisha nikaisoma ile ya "inaanza kusukuma pale inapoanza". Nikajiuliza swali ambalo dada anayejua kaka yake angejiuliza zamani sana. Kaka, wewe unajua kuendesha gari?

Na huyo mnunuzi wa kufikiri sana, yupo?

Kuna jambo la huku. Msimamizi wetu anaondoka na mkubwa wa karakana amesema kiti ni changu nikikitaka. Ofisi yenye kioo, mikono safi, mkataba wa miaka mitano. Nimewaambia nitafikiri. Kwa hiyo sasa tuna watu wawili wa kufikiri sana.

Swali la Mama nimelisoma tena.

Mdogo wako


3 Aprili

Kitinda,

Kwanza hongera kwa kiti. Nasema kweli. Nimemtangazia kila anayekuja kuchukua suruali, mpaka wengine wanapita mbali. Mama hajambo, wifi yako hajambo, mimi hali yangu utaisoma hapa chini.

Sijui kuendesha. Nilikwenda somo moja. Niliukamata usukani kama mkasi wa kukatia koti, nikafunga macho kwenye kona, na mwalimu akashuka akasema amekumbuka kitu nyumbani. Hajarudi. Ile kilomita moja ni ya kwenda mbele hatua chache na kurudi nyuma hatua chache pale pale bandani, nyuma ya duka, nikipisha meza ya kukatia, mpaka zikajumlika. Mara nyingi linagoma, plagi zinalowa petroli, basi nalisukuma kwa makalio. Jumamosi, duka likijaa, nilikuwa naliwasha, napiga resi mara mbili tatu wateja wasikie, nalizima hapo hapo. Usiniambie. Kama-Mpya ameshaniambia kwamba hivyo ndivyo tabo zinavyouawa, na aliniambia mbele ya watu.

Mnunuzi hayupo. Hajawahi kuwepo. Uliponiambia niuze, nilimshona mwenyewe usiku wa pili, nikampa vidole viwili vya nyongeza ili adumu.

Sababu ni hii, nilikuwa sitaki kukuandikia kwa kuwa nilijua utakunja.

Wiki ile ulipoondoka Mama alikwenda bandani, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Nikadhani kachoka. Kesho yake akarudi na kikapu cha vifungo. Tangu hapo kila mchana yuko humo, mlango wazi, miwani puani, ananishonea vifungo vya mashati. Wateja wakimuuliza, "Bibi, safari ya wapi?" anawajibu, "Tunamsubiri dereva." Mwaka jana nilimtania, nikamwambia basi afunge mkanda, askari wasije wakatukamata. Hakucheka. Akasema, "Mkanda nitafunga dereva akifika." Sasa niambie, ningeliuzaje? Ningemwambia ashuke?

Ndiyo maana tabo ilipokufa nilichanganyikiwa kuliko inavyompasa mtu asiye na leseni. Nilijiambia gari likipona litakuita lenyewe, maana mimi nikikuita tunakatiana simu.

Sikuambii urudi. Kiti umekitolea jasho, kikalie. Mimi ni fundi nguo, nauliza saizi tu. Umesema kubwa ni ya barabara ndefu na ndogo ni ya mjini. Kama gari ni la kuuza, nitafunga kubwa, vijana wa mashindano wanapenda kuiona hata kama hawajui kazi yake. Kama ni la kumpeleka mtu kliniki na kumrudisha, nitafunga ndogo. Nijibu neno moja, kubwa au ndogo. Nitaelewa, na sitauliza tena.

Kaka yako,
asiye dereva


28 Mei

Kitinda,

Salamu. Sisi wazima. Labda barua ya Aprili imepotea njiani. Labda imefika ikakunjwa.

Nakuandikia kwa sababu sasa amepatikana mnunuzi wa kweli, na huyu hafikiri hata kidogo. Ni kijana wa mashindano, kasikia habari za gari kwa Kama-Mpya. Kalizunguka, kagonga boneti kwa kidole, kainama chini, kasema analitaka hivi hivi na tabo ile kubwa kabisa atafunga yeye. Alipofungua mlango wa dereva akamkuta Mama ndani na kikapu chake. Mama akamuuliza, "Wewe ndiye dereva?" Kijana akasema bado. Mama akamwambia basi asiguse usukani. Kijana akafunga mlango polepole, kwa adabu, akaniomba nimweleze kuna nini hapa.

Atarudi mwisho wa Julai. Usiponijibu hadi hapo nitaelewa pia, na nitatafuta namna ya kumwambia Mama. Nimeshaanza. Nimemnunulia kiti cha mbao, nikakishonea mto wa kitambaa kilichobaki kwenye suti za wakubwa, nikakiweka bandani pembeni ya gari. Amekikagua mshono kwanza, akasema kizuri. Kisha akaweka kikapu juu yake, akaenda kukaa garini.

Sina hasira nawe. Nilijaribu kuwa nayo wiki nzima, wifi yako akanisaidia, lakini haikunikaa.

Kaka yako


19 Juni

Kaka Vidole Viwili,

Salamu kwanza, na leo wewe ndiye utafute jibu liko mstari wa ngapi. Mimi sijambo. Dobi hajambo, amenunua ufagio mpya, nimeusikia. Baiskeli yangu imeibwa. Namwonea huruma mwizi, hajafika kona ya kwanza.

Barua ya Aprili haikupotea. Niliiweka mezani nikaiwekea kikombe juu. Kila asubuhi nikinywa chai nainua kikombe, naiona, narudisha kikombe. Nilikuandikia kubwa, nikachana. Nikaandika ndogo, nikachana. Nikaandika kwamba inategemea na shinikizo la hewa na joto la ekzosi, kurasa mbili, nikachana hizo kwa aibu zaidi.

Aibu ndiyo yenyewe, Kaka, tusizunguke. Niliondoka hapo nikitangaza mtaa mzima kwamba nitarudi na karakana yangu, jina langu mlangoni. Nikirudi leo nitarudi na sanduku moja na spana zangu. Nikawa najiambia nikae kidogo kwanza, nikue, nikifika saizi ya yale maneno niliyosema ndipo nirudi. Miaka minne. Nakucheka wewe na tepu yako, kumbe mimi nimo ndani ya sweta lile lile, limenifika magotini, nasubiri kukulia humo.

Wiki iliyopita ililetwa tabo kubwa ya gari la mashindano. Nzuri, Baba angeipenda. Nikaifunga kwenye mashine ya kujaribia nikaifungulia hewa. Ikafikiri. Nimesimama pale mikono mfukoni naingoja ichangamke, na ilikuwa inakuja, lazima ingekuja, hizo huwa zinakuja. Nikamwona Mama na vifungo vyake, mlango wazi, anawaambia watu wanamsubiri dereva. Nikalia mbele ya karakana nzima. Niliwaambia ni mafuta yameniingia machoni. Mmoja akanipa kitambaa chenye grisi, kwa hiyo baadaye ikawa kweli.

Tabo ya kusubiri ni ya mtu mwenye barabara ndefu mbele yake. Mama hana hiyo barabara. Hata wewe, kwa kitambi hicho, mimi nisingekufungia kubwa.

Kiti cha usimamizi nimekikataa. Mkubwa wa karakana alinitazama kama nimemrudishia zawadi ya harusi, kisha akaniuliza nakwenda wapi. Nikasema nina abiria ananingoja. Kazi namaliza katikati ya Agosti na wiki hiyo hiyo naanza safari.

Ndogo.

Ya milimita hamsini na moja, kama ile ile, ila upande wa moshi uwe mpana kidogo. Hapo nitauchonga mwenyewe kabla sijaondoka. Usinunue chochote kwa Kama-Mpya, hata kama ni kama mpya. Nitakuja nayo kwenye mkoba wa mkononi, siiamini mizigo. Usiliwashe gari. Usipige resi. Wateja wakitaka kusikia kitu, wawashie redio. Mwambie kijana wa mashindano namwomba radhi na kwamba ana macho mazuri.

Mwambie Mama mimi ndiye niliyechelewa, si barua. Sijui utamwambiaje bila kumliza, wewe tafuta.

Na nishonee ovaroli ya kazi. Nikifika nitapanga bandani kwako nifungue karakana, kama wifi atakubali kununa kidogo zaidi. Vipimo vyangu nimeviandika nyuma ya karatasi hii, nimepimwa na dobi. Inikae, Kaka. Mimi sikui tena.

Mdogo wako


9 Julai

Dereva,

Salamu. Sote wazima, na wazima wa safari hii ni wa kweli.

Barua yako nilimsomea Mama bandani, yeye kwenye kiti chake cha garini, mimi nimeegemea mlango. Sikutafuta namna, niliisoma tu kama ilivyo, na aliyelia ni mimi. Yeye alishona mpaka nikafika kwenye lile neno moja. Akaniuliza, "Ndogo nini?" Nikamwambia tabo. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Mwandikie alete hiyo hiyo tabu ndogo. Kubwa tumeshazizoea."

Kijana wa mashindano alipita kabla ya siku yake. Nilimweleza. Alikwenda kumpa Mama mkono kupitia dirishani, akaniachia shati la kubadilisha kola. Kama-Mpya ana simanzi, anasema tabo ndogo hazina heshima. Wifi yako amekubali banda, na amenuna kwa siku moja tu, nadhani anazeeka.

Ovaroli nimeikata jana. Nilipofika kwenye urefu wa mguu vidole vikajilaza vyenyewe kwenye kitambaa, viwili, kama vilivyofundishwa. Wifi yako alikuwa nyuma yangu na pasi. Sikuongeza. Nilikata pale pale ulipoandika, na baada ya hapo nikaenda kunywa maji. Ikikubana usiseme lolote mbele za watu.

Jioni nikaenda kumwita Mama ale. Nikamkuta ameshafunga mkanda. Nikamwambia, Mama, bado mwezi na zaidi. Akasema anajua kuhesabu. Basi nikamletea chakula humo humo, nikazunguka upande wa pili, nikafungua mlango ili nikae naye tule pamoja. Alinitazama tu, mpaka nikaondoa mkono kwenye usukani wako.

Nimekula nimesimama dirishani.

Kaka yako